Sahani Nyeupe

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi naishusha:
sahani ya bati, upana wa sinia ya mtoto,
imepakwa rangi nyeupe mara tisa,
kamba yake ina fundo kila sentimita kumi.
Inazama, inafifia, inakuwa mwezi wa mchana,
kisha haipo.
Hapo nahesabu mafundo.
Kazi yenyewe ni hiyo tu: kuandika
jicho limekomea wapi.

Daftari lilianzishwa na Sylvi
mwaka ambao kiwanda cha jibini kilifunga milango
kikatuachia mfereji wake.
Mwandiko umesimama wima kama matete:
tarehe, upepo, mawingu, kina.
Mita moja. Sentimita tisini. Tisini. Themanini.
Watu kumi na wanne wa Ruokola,
bila senti ya mtu yeyote,
walikokota juya kila vuli
wakapakua samaki wa miiba, ndoo baada ya ndoo,
maana samaki hao hula vijidudu
na vijidudu ndivyo vinavyokula mwani;
ukitaka kuona chini, punguza midomo.
Mikono ilinuka hadi Krismasi.
Taisto anaapa mkewe alimlaza sauna wiki nzima.

Mwezi wa pili, theluji ikifika magotini,
tunatoboa barafu kwa kekee
na kuteremsha chupa kuuliza
kama huko chini bado kuna pumzi.
Mara nyingine chupa inarudi na harufu ya yai viza,
na hakuna anayesema kitu.
Tunamimina kahawa.

Ukurasa wa sitini na mbili ndio ulionikamata.
Agosti, mwaka wa tisini na nne:
mita mbili na sentimita kumi.
Nikarudi nyuma. Julai, themanini.
Nikaenda mbele. Septemba, sabini.
Nikampelekea Taisto daftari, akiwa juu ya ngazi
anasafisha mifereji ya paa.
Hakushuka.
"Agosti ile," akasema, "ziwa lilikuwa supu ya njegere.
Mbwa wa Raili aliyanywa yale maji
akafa kabla ya jioni.
Tulikuwa tumebaki wanne.
Sylvi akasimama katika ghala la zimamoto,
akatusomea namba yake,
na hata kikohozi hakikusikika.
Jumamosi iliyofuata tulikuwa tisa."
"Mlijua?"
Akadondosha konzi ya majani makavu
karibu na kiatu changu.
"Tulikuwa na macho."

Njia ya mwongo ni fupi.
Hii ilikuwa na mita mbili na sentimita kumi,
na watu bado wanaipita
na makasia begani.

Nina kalamu nyekundu. Msimu mzima
nimeishika juu ya ule mstari,
kama mvuvi asiyejua
kilichomgusa ndoano ni samaki au gogo.
Wataalamu wa mkoa wanataka takwimu zetu zote,
safi, kwa safu.
Nimewatumia. Pembeni ya Agosti ile
nimeweka alama ndogo ya kuuliza,
kwa penseli,
inayofutika.

Leo asubuhi hapakuwa na upepo.
Bata mzamaji alipiga mbizi akazukia mbali, mahali
ambapo sisi wote kwenye boti tulikosea kubashiri.
Mita moja na sentimita ishirini.
Nimeandika vivyo hivyo: moja, ishirini.

Kisha nikapanda baiskeli hadi nyumba ya wazee,
kwa Sylvi, ambaye siku hizi macho yake yenyewe
yameota mwani.
Aliitambua harufu kabla ya sauti yangu.
"Ngapi?"
"Moja na nusu," nikasema.
Akanyamaza. "Upepo?"
"Haukuwepo."
"Mawingu?"
"Machache, upande wa kanisa."
Vidole vyake vilitembea kwenye ukingo wa blanketi,
pindo kwa pindo, polepole,
vikasimama mahali.
"Mwongo," akasema,
akacheka hadi muuguzi akachungulia mlangoni.